Ugonjwa wa Wanaochelewa Kulala

Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Nyumbani, mtaani, na hata kwa wateja waliomletea vitambaa, aliitwa Bundi. Mama yake ndiye aliyemtungia jina hilo akiwa na miaka saba, asubuhi moja alipomwinua kitandani kwa kumshika sikio na mtoto akaendelea kulala amesimama. Kumwita mtoto wako jina la ndege ambaye watu wakimsikia juu ya paa humrushia mawe si mzaha mdogo, lakini mama alilitamka kwa wepesi, kama mtu anayeita paka, na watu wakalizoea. Mwenyewe naye akaliitikia.

Hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko jina. Mwili wake ulichelewa kuwaka, basi. Asubuhi macho yalikuwa mazito, mikono inadondosha vikombe, chakula hakipiti kooni. Ikifika saa kumi jioni anaanza kuchangamka, na kufikia saa mbili usiku mkono wake umetulia hata angeweza kuzungushia uzi matundu ishirini ya vifungo bila kupima mara ya pili. Alikuwa fundi wa makoti ya kiume, yale yenye bitana, kazi ambayo mafundi wengi waliikwepa kwa sababu ya mabega. Bega la koti halidanganyi. Likikaa vibaya, mtu anaonekana kama ametundikwa kwenye hanga. Mabega ya Bundi yalikaa. Alishona mpaka saa saba, saa nane, akalala, akaamka saa nne asubuhi akiwa mzima kabisa.

Dada yake mkubwa alikuwa wa upande mwingine. Alikuwa mwokaji mkuu katika kiwanda kidogo cha mikate, mitaa miwili kutoka nyumbani kwa mama, na aliamka saa tisa na nusu alfajiri bila saa ya kengele. Aliamka akiimba, mumewe alilalamika hivyo. Saa tatu usiku alikuwa amelala fofofo, hata kama wageni bado wako sebuleni. Zamu yake ilipokwisha saa tatu asubuhi, alipita kwa mama na mkate wa moto kwapani, akakaa jikoni, wakaanza kumsema aliyelala chumba cha pili.

"Mwenzio keshalisha mji mzima," mama alisema kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Wewe hata uso hujanawa."

Bundi aliwahi kuchumbiwa. Mchumba alikuwa seremala, mtu mpole mwenye vidole vya gundi, na alikuja kwanza kupimwa koti, akarudi mara tatu kwa visingizio vya mikono mirefu. Mama wa seremala alituma habari kwamba angependa kumwona binti. Mama wa Bundi akamjibu aje saa moja asubuhi. Hakumwambia Bundi lolote. Mgeni alipofika, mama alimkaribisha, akamwongoza moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba, akausukuma na kusema, "Nisije nikalaumiwa baadaye kwamba niliwauzia mbuzi kwenye gunia. Huyo hapo." Bundi alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Seremala hakurudi hata kuchukua koti lake. Lilikaa kwenye kabati miaka miwili, kisha Bundi akalifumua na kutumia bitana yake kwa mteja mwingine.

Siku mambo yalipoharibika kabisa ilikuwa Jumanne, mchana. Bundi alikuwa na miaka arobaini na moja, yuko kwenye cherehani chumba cha mbele. Mama alikuwa jikoni anamenya vitunguu na redio iko juu ya kabati. Daktari mmoja mwanamke, mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anaeleza kwamba kila mwili una saa yake ya ndani, kwamba wapo watu wa mapema na wapo wa kuchelewa, na kwamba katika baadhi ya uchunguzi imeonekana huenda wale wa kuchelewa wanapata uvimbe wa njia ya chakula, tumboni au kwenye utumbo, zaidi kidogo kuliko wenzao. Halafu akasema "lakini." Mama hakuisubiri hiyo lakini. Alizima redio, akatoka na kisu mkononi.

"Umesikia? Saratani ya tumbo ni yenu."

"Yetu nani, mama?"

"Nyinyi mnaolala watu wakiamka. Wamesema madaktari, si mimi. Miaka yote nasema, naonekana mchawi."

Kuanzia siku ile mama alimkalia Bundi kooni, na safari hii alikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Jiko lilifungwa saa kumi na mbili jioni na ufunguo ukaingia kifuani mwake. Saa tatu alifungua balbu ya chumba cha mbele, akaenda kulala nayo chini ya mto. Saa kumi alfajiri alikuja na taulo lililolowa maji na kulikamua usoni kwa mwanawe. Akichoka yeye, dada alipiga simu kutoka kiwandani, akaiacha iite mpaka ipokewe.

"Tunakuokoa, mdogo wangu," alisema huku mashine ya kukandia unga ikinguruma nyuma yake. "Siku moja utatushukuru."

Mtu atauliza kwa nini mwanamke wa miaka arobaini alikubali. Nyumba ilikuwa ya mama. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama. Zaidi ya hayo, Bundi alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba ana kasoro, na sasa kasoro yake ilikuwa imetajwa redioni. Aliogopa. Alilala gizani saa tatu akiwa macho makavu, akihesabu mbao za dari asizoziona, usingizi ukampitia saa nane, na saa kumi maji ya taulo yakamshukia. Saa mbili za usingizi, siku baada ya siku. Kazi ambayo mkono wake ulizoea kuifanya jioni sasa aliifanya asubuhi, akiwa na kichwa kama amepigwa na mlango. Tumbo likaanza kujaa gesi na kuunguza. Mwezi wa tatu nguo zake mwenyewe zilihitaji kupunguzwa.

Mwezi wa nne alishona kidole. Lilikuwa koti la mwalimu mkuu, la kijivu, na alikuwa anafunga bitana saa kumi na mbili asubuhi. Alisinzia huku mguu uko kwenye pedali. Sindano ilipita katikati ya kucha ya kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, na mkono ukabaki umebanwa pale mpaka alipozungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Damu iliingia kwenye bitana ikaenea mpaka mfukoni. Mama alikuja akatazama, kwanza koti, kisha kidole.

"Ona damu yenyewe ilivyo nyepesi," alisema. "Umekonda, huli, tumbo linakuunguza. Limeshaanza hilo. Utakwenda kupimwa."

Dada alijitolea kumsindikiza, na hakuna anayeweza kusema hakuwa na moyo. Alibadilishana zamu na mwenzake, akamletea Bundi dawa ya kusafisha tumbo iliyoagizwa na hospitali, akamsimamia anywe chupa nzima, akawa anamcheka kila anapokimbilia chooni. Asubuhi yake walikaa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa chumba cha kamera ya kutazama tumbo na utumbo, na muuguzi akawapa karatasi ya maswali. Dada aliisoma kwa sauti kwa sababu Bundi alikuwa hoi.

"Umepungua uzito? Ndiyo. Tumbo linauma? Ndiyo. Umeona damu chooni?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Dada alichora alama, akasema huku bado anatazama karatasi, "Mimi huwa naiona. Ni bawasiri tu, kwa kusimama kwenye joto. Ina kama mwaka sasa."

Bundi aligeuka. "Mwaka? Basi si uwaambie nao wakutazame, maadamu tuko hapa?"

"Mimi? Saa tatu nishalala." Alicheka, akampiga begani kwa ile karatasi. "Ugonjwa huu haunijui mimi. Usitafute kwangu mwenzako wa kufa naye."

Kamera haikuona kitu. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, na alipomsomea Bundi majibu yake alionekana mtu mwenye muda. Alimuuliza zamani alikuwa akilala saa ngapi. Bundi alimwambia, na akamweleza habari ya taulo, na ya balbu, kwa aibu, kama anajishtaki. Daktari alivua miwani.

"Zamani ulipokuwa ukilala saa nane na kuamka saa nne, ulikuwa unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Basi aliyekubadilisha kwa nguvu amekuumiza. Hilo tumbo linalia usingizi." Akaendelea polepole. "Ni kweli kuna uchunguzi unaosema huenda lipo jambo kati ya saa ya mwili na uvimbe wa tumbo. Hatujui kama ni saa yenyewe, au ni kula usiku wa manane, au sigara na pombe, au ni huko kuamshwa kabla mwili haujataka. Na hata kama lipo, ni hesabu ya maelfu ya watu. Haisemi neno juu ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti hicho. Wanaoamka alfajiri nao wanaugua, nawaona hapa kila wiki. Mtu yeyote akiona damu, aje, awe anaamka saa yoyote."

Bundi aliyasikia hayo vizuri. Hakusinzia. Alitoka mlangoni, dada akasimama kutoka kwenye benchi.

"Amesemaje?"

"Amesema niko mzima."

"Kingine?"

Maneno yalikuwa yamefika mdomoni kabisa. Bundi alimtazama dada yake, ile sura iliyonona, iliyolala vizuri, macho meupe ya mtu ambaye hakuwahi kukamuliwa taulo usoni. "Hakuna kingine," alisema.

Alikusudia kumwambia jioni. Jioni mama alipokea habari za uzima wake kama mtu aliyenyimwa haki yake. "Daktari gani huyo, mtoto mdogo," alisema, na saa tatu akafungua balbu kama kawaida. Alfajiri iliyofuata hakuja mama. Alikuja dada, kabla ya zamu yake, kushika zamu ya taulo kwa sababu mama alikuwa na mafua, na alilikamua huku anacheka. Bundi alilala palepale, maji yakimwingia masikioni, akameza aliyokusudia kuyasema. Kesho yake vilevile. Baada ya wiki mbili ikawa ni jambo la zamani, na jambo la zamani ni gumu kulianza.

Ilipita miezi tisa. Dada alianguka kiwandani saa moja asubuhi, mbele ya tanuri, trei ya mikate ikammwagikia mikononi. Wenzake walidhani ni joto. Walimmwagia maji, wakampepea kwa gunia la unga, na aliposhindwa kusimama mara ya pili wakampeleka hospitali. Damu yake ilikuwa imekwisha hata muuguzi alirudia kipimo akidhani mashine imekosea. Alilazwa kwenye kitanda kilekile cha kamera. Uvimbe ulikuwa kwenye utumbo mpana, na ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye ini.

Mama alifika wodini akiwa amevaa viatu visivyofanana. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, bila kulia. Mkwewe, fundi bomba aliyekuja mbio na vumbi la saruji kwenye nywele, alijaribu kumshika mkono, mama akautoa. Aligeuka kumtafuta Bundi, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda.

"Hii ilikuwa yako," alimwambia.

Wodi ilikuwa na wagonjwa sita na muuguzi mmoja. Wote walisikia.

"Wewe ndiye wa kuchelewa. Wewe ndiye uliyetajwa. Huyu amekosa nini? Maisha yake yote anaamka na jua halijatoka. Hii ilikuwa yako, ikapotea njia."

Fundi bomba alitazama viatu vyake. Dada, juu ya kitanda, alifumba macho, na Bundi hakujua kama ni usingizi au ni kukubali.

Dada aliishi miezi mitano, amerudishwa nyumbani kwa mumewe. Dawa na maumivu viliivuruga ile saa yake aliyojivunia. Alilala mchana kutwa na kuamka magharibi, akakaa macho usiku kucha akinung'unika kama mtu aliyekosewa. Mumewe alikuwa na kazi ya kuwahi. Mama alijaribu siku nne, akasinzia kwenye kiti, akaanguka akavimba goti. Mwisho alibaki mtu mmoja tu katika familia ile ambaye usiku haukumshinda, na hakuna aliyemwomba. Bundi alihamishia cherehani kwa shemeji yake, akaiweka kwenye korido, akawa anashona huku mguu mmoja uko chumbani kwa mgonjwa. Balbu haikufunguliwa na mtu. Alipata usingizi wake wa asubuhi, kwenye godoro la jikoni, na mwili wake ukaanza kurudi. Mashavu yalijaa. Tumbo likaacha kuunguza. Mama alipokuja kusalimia alimwona hivyo, anazidi kunawiri huku mwenzake anakauka, na akapunguza kuja.

"Nikimwona yule amekaa pale mzima, moyo unanichafuka," alimwambia mkwewe mlangoni, bila kushusha sauti.

Jioni moja Bundi alikuwa anamkanda dada yake miguu kwa mafuta. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Dada alikuwa anatazama dari.

"Siku ile hospitali," alisema, "ulipotoka kwa daktari. Kweli hakusema kingine?"

Bundi hakuacha kukanda. "Alisema."

"Alisema nini?"

"Kwamba yeyote anayeona damu aje. Hata anayeamka alfajiri."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Nilikuwa na hasira na wewe, dada. Taulo, simu. Sikutaka uumwe. Nilitaka tu kuwe na kitu kimoja ambacho ninacho mimi na wewe huna."

Dada alishusha macho kutoka kwenye dari. Maji yalikuwa yanachemka jikoni, mfuniko ukigongagonga. "Ungeniambia nisingekwenda," alisema hatimaye. "Ningekucheka. Najijua." Bundi alianza kupumua. "Lakini ulitakiwa uniambie. Ningekucheka, na ningekwenda nyumbani, na usiku ningeogopa, na labda ningekwenda kimyakimya bila kukwambia. Hiyo labda ndiyo uliyoichukua."

"Nisamehe, dada."

"Mguu wa kushoto bado," alisema dada. Bundi alihamia mguu wa kushoto. Alipomaliza, dada alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga zamu za kiwandani, "Mama nitamwambia mwenyewe. Si kwa ubaya. Nina mizigo yangu ya kutosha, siwezi kufa na wa kwako."

Na alimwambia. Bundi alikuwepo koridoni, mbele ya cherehani, wakati mama alipoingia mchana wa Jumamosi na mlango ukafungwa. Alizungusha gurudumu bila uzi, apate sauti ya kuziba masikio. Mama alipotoka alipita karibu yake, akaukanyaga waya wa pasi, akaenda zake. Siku tisa baadaye dada alifariki, saa tisa na nusu alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bundi. Mumewe alikuwa ameamshwa akawa bado anatafuta suruali gizani.

Baada ya mazishi Bundi alirudisha cherehani chumba cha mbele, na mama akarudiwa na maneno. Hakupiga kelele wala hakumfukuza. Aliweka kiti kwenye baraza, karibu na mlango wa chumba cha mbele, na kila mteja aliyekuja alimpa salamu nzuri, akamuuliza watoto hawajambo, kisha akasema, "Anashona vizuri huyu, mabega hayana mfano. Ila alimuua dada yake kwa kunyamaza. Karibu ndani." Wengine walidhani ni uchungu wa mama. Waliingia, wakamtazama Bundi ili akanushe, au hata acheke. Bundi alichukua futi kamba, akaanza kupima kifua. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuja, na alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa.

Bundi alipata chumba nyuma ya kinyozi, mtaa wa mbali. Shemeji yake alikuja kumsaidia kuhama. Alibeba kichwa cha cherehani mabegani, na Bundi akabeba meza na kikapu cha nyuzi. Walikwenda hivyo mpaka mlangoni. Fundi bomba aliweka mashine chini taratibu, akajifuta jasho.

"Mama anasema jambo, shemeji," alisema. "Nimekuwa nikilikataa. Nakuuliza wewe."

"Ni kweli," Bundi alisema.

Shemeji alisimama akimtazama kama mtu anayetafuta mahali bomba linapovuja. Kisha aliinama, akaigeuza mashine ili isikae kwenye unyevu uliokuwa sakafuni, akaondoka. Bundi hakumwona tena.

Usiku ule Bundi alishona mpaka saa nane, mikono imetulia kama zamani, akalala. Alitarajia kutopata usingizi. Alitarajia ndoto, au angalau kushtuka saa kumi. Hakushtuka. Alilala moja kwa moja mpaka saa nne na robo, akaamka mwepesi, ana njaa, jua limeshatandaza mraba wake sakafuni, na nje kinyozi anacheka na mteja wake. Alikaa kitandani akiupapasa mwili huo uliopumzika vizuri, mikono, shingo, tumbo lisilouma popote. Akavuta shuka akajifunika uso, akakaa hivyo mpaka mtu alipobisha mlango akiuliza kama hapa kuna fundi.

"Yupo," alijibu, akainuka kutafuta futi kamba.